Maswali Yenu ya Jiografia: Umetazama Vya Kutosha, Sasa Chora

Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 26, mchana nipo kazini na usiku nasoma jiografia ya ngazi ya juu kwa njia ya mtandao. Nimetazama video zote za volkano, mito na fukwe, nyingine mara mbili, na daftari langu la pili linakaribia kujaa. Lakini insha yangu ya kwanza, kuhusu hatari za volkano, imerudi na alama 8 kati ya 20. Msahihishaji, ambaye sijawahi kuonana naye, ameandika mstari mmoja tu: "Yote ni kweli, lakini ni wapi?" Nilimwandikia anifafanulie, hakujibu. Nimeanza kuamini kwamba jiografia haisomeki peke yako mbele ya skrini. Niache? Nakuambatanishia insha yenyewe.
*Msomaji wa Usiku*

Marahaba, mwanangu, na usiache.

Insha yako nimeisoma, kurasa zote nne. Umeeleza jinsi bamba moja la ardhi linavyozama chini ya jingine, ukaeleza lava, majivu na gesi, ukamalizia kwa kusema watu wahamishwe mapema. Sikuona sentensi yenye kosa. Sikuona pia jina la mlima hata mmoja. Msahihishaji kukaa kimya ulipomwuliza si vizuri hata kidogo, kwa sababu mwanafunzi wa masafa hana mlango wa ofisi wa kubisha hodi. Ila alichokiona amekiona sawasawa.

Ngazi ya chini ulisifiwa kwa kujua mambo yanavyokwenda kwa jumla. Huku juu unatakiwa usimame mahali pamoja, utaje mwaka, umbali na kimo, halafu ueleze kwa nini yaliyotokea pale yalitokea vile. Chukua Nevado del Ruiz, Kolombia. Ni mlima wa zaidi ya mita 5,300, kileleni umefunikwa barafu. Usiku wa tarehe 13 Novemba 1985 ulilipuka, na kwa vipimo vya volkano mlipuko wenyewe haukuwa mkubwa. Lakini majivu na gesi ya moto vilivyotoka viliyeyusha sehemu ya barafu, maji yakabeba majivu na mawe, tope zito likashuka kwa kufuata mabonde ya mito. Mji wa Armero ulikuwa makumi ya kilomita kutoka kileleni, mahali ambapo bonde linafunguka kuwa tambarare. Tope liliufikia baada ya saa mbili na nusu hivi. Walikufa zaidi ya watu 20,000 katika mji huo. Na wataalamu walikuwa wamechora ramani ya maeneo ya hatari mwezi mmoja tu kabla, Armero ikiwa ndani yake.

Sasa weka pembeni yake Pinatubo, Ufilipino, Juni 1991. Mlipuko huo ulikuwa mkubwa mara nyingi kuliko wa Ruiz, ila maelfu kwa maelfu ya watu walikuwa wameshahamishwa, na waliokufa hawakufika 1,000. Wengi wa waliokufa wakati wa mlipuko waliangukiwa na mapaa, kwa sababu kimbunga kilipita siku hiyohiyo na mvua yake ikaloweka majivu yakawa mazito.

Umeona? Mlipuko mdogo umeua wengi, mkubwa umeua wachache. Hapo ndipo insha yako inapoanzia, na lile neno lako "wahamishwe mapema" linapata uzito, maana sasa unaweza kusema nani aliambiwa, lini, na kama alisikilizwa. Iandike upya kwa milima hiyo miwili tu. Usiongeze wa tatu.

Jambo la pili ni mkono wako. Madaftari mawili umeyajaza maneno matupu, na hilo ndilo linalonihuzunisha zaidi ya alama 8. Mimi ngazi hii niliisoma kwa posta, kabla ya intaneti. Vijitabu vilikuja ndani ya bahasha, na safari moja ramani ya somo zima ikaja imechapwa kwa wino mweusi peke yake. Mto, barabara na mpaka vilifanana kabisa. Niliandika barua kulalamika, jibu halikuja, na kazi ilitakiwa baada ya wiki mbili. Nikachukua penseli ya bluu nikaanza kutafuta mito kwa kontua, ile mistari inayounganisha mahali penye kimo sawa. Pale ambapo mistari ya kontua inajikunja mfano wa herufi V, na ncha ya V inaelekea kwenye namba kubwa, kuna bonde. Ncha ikielekea kwenye namba ndogo, huo ni mgongo wa mlima. Nilipita V moja baada ya nyingine, kila ncha nikiiunganisha na iliyo chini yake, na polepole mto ukajitokeza kwenye karatasi na vijito vyake vyote. Ilinichukua jioni tatu. Tangu siku hiyo sijawahi kupotea kwenye ramani ya kontua, na sikufundishwa na mtu.

Wewe una bahati ambayo mimi sikuwa nayo. Picha za setilaiti za Landsat zilianza kupigwa mwaka 1972, na tangu 2008 zinapatikana bure kwa yeyote. Tafuta Bahari ya Aral, kule kati ya Kazakhstan na Uzbekistan, ambayo ilianza kukauka baada ya maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya kuelekezwa kwenye mashamba ya pamba kuanzia miaka ya 1960. Chukua picha ya miaka ya 1970 na moja ya miaka ya karibuni, zote kwa skeli ileile. Weka karatasi nyembamba juu ya skrini, fuatisha ufuko kwa penseli laini bila kukandamiza, halafu hamishia michoro yote miwili kwenye karatasi ya miraba na uhesabu miraba. Mraba ambao nusu yake au zaidi imo ndani ya ziwa uhesabu mzima, uliopungua hapo uache. Utapata mwenyewe ziwa limepungua kwa kiasi gani, na namba uliyoihesabu kwa mkono haitoki kichwani.

Kwa hiyo ukiwa na saa mbili usiku, video isizidi nusu saa. Muda unaobaki chora, pima, au jibu swali moja la mtihani wa nyuma huku saa ikienda, kisha usahihishe kwa mwongozo wa usahihishaji.

Mwalimu, binti yangu anataka kusoma jiografia ya A-level nyumbani kupitia shule ya mtandaoni. Wanasema kila kitu kimo kwenye ada. Niulize nini kabla ya kulipa?
*Mzazi*

Mzazi mwenzangu, uliza mawili, na majibu uyapate kwa maandishi. La kwanza: nani atamsajili kwa mtihani, na ataukalia wapi? Shule nyingi za mtandaoni hufundisha tu, hazina kituo cha mtihani. Binti atakuwa mtahiniwa wa kujitegemea, na ni lazima kituo kikubali kumpokea. Usajili hufungwa miezi kadhaa kabla ya mtihani, na nimewaona vijana waliosoma vizuri mwaka mzima wakakosa mahali pa kukaa. Inauma sana.

La pili: je, mtaala wake una kazi ya uwandani inayohesabiwa kwenye alama? A-level ya jiografia ya England inataka mwanafunzi atoke uwandani kwa siku zisizopungua nne na afanye uchunguzi wake mwenyewe, wenye asilimia 20 ya alama zote. Mwalimu lazima athibitishe kwamba kazi ni yake kweli. Hilo kwa mtu wa masafa ni gumu, asipopangiwa mapema. A-level ya Cambridge International yenyewe hutahiniwa kwa karatasi za mtihani tu. Masomo mawili yenye jina moja, na safari tofauti kabisa.

Shikamoo Mwalimu. Nimepewa kazi ya kuchunguza kama kasi ya mto hubadilika kadiri unavyoshuka. Sina wenzangu wa darasa, sina vifaa, na nimeambiwa nitumie kanuni ya Spearman, ambayo hata kuisoma naogopa.
*Mwanafunzi wa Masafa*

Marahaba. Vifaa unavyo: futikamba, rula ndefu, simu yenye saa ya sekunde, na kijiti. Mwenzako wa darasa humhitaji, ila mtu wa kusimama ukingoni unamhitaji, awe ndugu au jirani. Usiingie mtoni peke yako, usiingie baada ya mvua, na maji yakipita magoti geuka.

Chagua vituo 10 kutoka juu kuja chini, mahali panapofikika kwa usalama. Kila kituo pima mita 10 kando ya maji, dondosha kijiti katikati ya mkondo, hesabu sekunde. Rudia mara tano, chukua wastani. Kijiti kikitumia sekunde 25, kasi ya uso wa maji ni mita 0.4 kwa sekunde. Maji ya chini huenda polepole kwa kuwa yanasuguana na kitanda cha mto, kwa hiyo zidisha kwa 0.85, upate 0.34. Pima na upana, na kina mahali kadhaa. Upana wa mita 2 na kina cha wastani cha mita 0.3 vinakupa eneo la mita za mraba 0.6. Zidisha kwa 0.34: karibu lita 204 zinapita mbele yako kila sekunde. Simama kidogo uitafakari namba hiyo ukiwa bado na miguu majini.

Wanafunzi wengi hutabiri kwamba mto una kasi zaidi kule juu, kwa sababu kule unapiga kelele na kutoa povu. Kwa kawaida wastani wa kasi huongezeka kuelekea chini. Juu maji ni machache na yanajigonga kwenye mawe. Chini mto una kina, na sehemu ndogo tu ya maji ndiyo inayogusa kitanda na kingo.

Spearman sasa, yaani kipimo cha kuona kama vitu viwili, hapa umbali na kasi, vinapanda pamoja. Panga vituo kwa umbali kutoka chanzo, 1 hadi 10. Panga tena kwa kasi, ya chini kabisa ikiwa 1. Kila kituo toa nafasi moja kwa nyingine, zidisha tofauti kwa yenyewe, jumlisha zote. Tuseme umepata 32. Zidisha kwa 6, ni 192. Gawanya kwa 990, ambayo ni 10 mara 99, ni 0.19. Toa kwenye 1: 0.81. Kwa vituo 10, ukiwa hujatabiri mwelekeo, jedwali linataka uvuke 0.648 ili uwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba si bahati tu. Umevuka. Kanuni yenyewe imeisha hapo.

Na kituo kimoja au viwili vikikataa kufuata wenzao, tafadhali usivifute. Rudi pale ulipopima, angalia kama kuna mti ulioangukia majini, nguzo za daraja, au dimbwi ambalo maji hutulia kabla ya kuendelea. Pachore, andika kimo cha maji na upande ambao mkondo umekwepea. Aya utakayoiandika kuhusu kituo hicho ndiyo msahihishaji ataisoma mara mbili.