Baba hakuwa na vidonda vya tumbo, iweje avuje damu akiwa ICU?

Mtoa mada, pole sana na mzee. Niliusoma uzi wako jana nikitoka zamu ya usiku, nikaona nisijibu na macho mazito. Kwa waliochelewa: baba yake aligongwa na bodaboda pale Uyole, akaumia kichwa, leo ni siku ya sita yuko ICU kwenye mashine ya kupumulia. Juzi manesi wakamwambia mzee anavuja damu tumboni. Anauliza iweje, maana baba hajawahi kuugua vidonda vya tumbo na tumbo halikuguswa kwenye ajali. Pia wingi wa damu yake (Hb) umepimwa ukawa 8 na hawamwongezei. Wachangiaji watatu wamesema ni uzembe, mmoja kasema mkono wa mtu.

Mimi ni muuguzi, ICU nina miaka tisa, Iringa kwanza kisha Mbeya. Mgonjwa wako simjui, kwa hiyo siwezi kuwatetea wala kuwashtaki wanaomhudumia. Ila hilo la kuingia hospitali kwa jeraha la kichwa ukaanza kuvuja damu tumboni linajulikana toka zamani. Daktari Mwingereza Thomas Curling alieleza mwaka 1842 vidonda vya utumbo kwa watu walioungua moto, na mwaka 1932 Mmarekani Harvey Cushing akaeleza vya watu wenye matatizo ya ubongo. Hadi leo vya moto tunaviita vya Curling na vya kichwa vya Cushing.

Chukulia hivi. Tindikali ya tumboni inameng'enya nyama ya ng'ombe, na tumbo lenyewe ni nyama. Linaponea kwenye ute unaolifunika kwa ndani, na kwenye damu inayopita nyuma ya ule ute bila kukoma, ikileta oksijeni na kuondoa tindikali iliyopenya. Sasa mwili ukipata pigo kubwa unaanza mgao, kama ule wa umeme. Ubongo na moyo haukati. Tumbo, utumbo na ngozi ndiyo mitaa ya giza. Ute unapungua, tindikali iko palepale, ukuta unachubuka. Kwa aliyeumia kichwa kuna la ziada, kwa sababu ubongo uliovimba unaweza kuichochea neva inayoshuka hadi tumboni na tindikali ikazidi.

Mwaka 1994 ulitoka utafiti wa Kanada wa wagonjwa zaidi ya 2,000 wa ICU. Mambo mawili ndiyo yaliyojitokeza kuwaponza zaidi: kukaa kwenye mashine ya kupumulia zaidi ya saa 48, na damu isiyoganda vizuri. Baba yako la kwanza analo. Una haki ya kuuliza kama alikuwa anapewa dawa ya kupunguza tindikali, omeprazoli au pantoprazoli. Lakini jua kwamba hata anayepewa anaweza kuvuja. Utafiti mwingine wa mwaka 2024, wagonjwa zaidi ya 4,800 walio kwenye mashine, ulionyesha kuwa kwa kila 100 waliopewa pantoprazoli mmoja hivi alivuja damu kwa kiasi cha kutisha, na kwa wasiopewa ni watatu hadi wanne. Dawa inasaidia, ila haimalizi kabisa.

Sasa niseme langu, maana nyote mnauliza manesi walikuwa wapi.

Julai moja, zamu ya usiku, hospitali sitaitaja. Baridi ile ya kuvaa sweta mbili. Tulikuwa na mzee wa Rungwe mwenye nimonia kali, ametoka wodini mchana ule ule. Saa mbili usiku mapigo ya moyo yalikuwa 92. Saa nne 104. Saa sita 112. Saa nane 126. Presha muda wote ilikuwa 120 na kitu juu ya 70 na kitu, kwa hiyo mimi nikaandika kwenye chati "hali inaridhisha". Mapigo niliyasingizia homa. Mikono ya baridi niliisingizia Julai. Mkojo ulikuwa umepungua kwenye mfuko, nikasema nitaongea na daktari kukipambazuka. Hb ya jioni ilikuwa 11, nikaiegemea kama ukuta.

Saa kumi alfajiri tukamgeuza ubavu na mwenzangu, kuzuia vidonda vya mgongo. Harufu ilitufikia kabla hatujaona kitu. Waliowahi kuinusa wanaijua. Damu iliyomeng'enywa ina harufu yake, nzito na tamu ya kuchefua, haifanani na choo cha kuhara wala cha mtoto. Kwenye shuka kulikuwa na choo cheusi, kinang'aa na kunata kama lami ya barabarani. Presha ikaanguka tukiwa bado tumemshika.

Tulitafuta mishipa miwili ya haraka, kanula ya kijivu mkono huu na ya kijani mkono ule, zile zenye tundu kubwa, kwa sababu ya pinki au ya bluu haipitishi maji ya kumkimbilia mtu anayevuja. Daktari akaja, damu ikaagizwa, na mzee akapona. Asubuhi daktari aliyenipokea alisema kitu kimoja tu: "Sista, presha ndiyo ya mwisho kusema ukweli." Mtu mzima anaweza kupoteza zaidi ya lita moja kati ya tano alizonazo na presha akiwa bado ameishikilia, kwa kubana mishipa na kuukimbiza moyo. Na Hb haishuki mara moja, maana anayevuja anapoteza chembe na maji kwa pamoja. Ukimwaga nusu ya kikombe cha chai, iliyobaki haijawa nyepesi. Inakuwa nyepesi baadaye, maji ya mwilini yakishaingia kwenye mishipa au ukimwekea dripu.

Kilichoniuma zaidi nilikisikia saa nne asubuhi. Kule wodini aliyekuwa akimhudumia ni mkaza mwana wake, kwani wanawe wote walikuwa Chunya kwenye machimbo. Alikuwa ameona choo cheusi mara mbili, akakisafisha, akatupa, akanyamaza. Wanyakyusa mnanielewa. Mke wa mtoto na baba mkwe, kwa desturi ya wazee, hata kupishana njiani ni kazi, sembuse kusimama mbele ya nesi kijana ukitaja kinyesi chake. Tayari kumsafisha tu alikuwa amevuka mpaka. Sikumlaumu hata kidogo. Mimi ndiye niliyempokea yule mzee kutoka wodini na sikuuliza "choo chake mlikionaje?" Ningeuliza pia dawa, ningejua kwamba alikuwa na miezi anameza diklofenaki za magoti. Hizo zinazuia kemikali inayouambia ukuta wa tumbo utengeneze ute, kwa hiyo yeye aliingia hospitali ukuta ukiwa tayari umenyonyolewa.

Tangu siku hiyo nauliza choo kama wengine wanavyouliza jina. Na kama hakijatoka sifurahi, maana utumbo wa mgonjwa mahututi mara nyingi umelala, hasa akiwa kwenye morfini, na damu inaweza kukaa humo siku nzima au zaidi bila kutokeza.

Halafu kuna upande wa pili, ambao na ninyi ndugu mnatutia presha. Weusi wa vidonge vya madini ya chuma hauna ile harufu wala haunati hivyo, usikutishe. Ila mwaka juzi dada mmoja alituletea chupa ya juisi ya bitiruti "ya kuongeza damu", ikapita kwenye mpira wa puani, ule wa kulishia unaoshuka hadi tumboni, kwa ridhaa ya mwenzetu aliyekuwa na haraka. Kesho yake choo chekundu, wodi nzima mbio, sampuli maabara, hakuna damu hata tone. Rozela hivyo hivyo. Mkileta kitu, semeni ni nini. Na uji wa karanga mzito msilete kabisa, unaziba mpira na tunalazimika kuuweka mwingine, na kila mpira unapopita unakwaruza. Uji mwepesi uliochujwa au maziwa, kama wameruhusu, vina faida kuliko mnavyodhani. Tumbo linalofanya kazi linavuta damu yake, na wagonjwa wanaolishwa mapema kwa mpira wanaonekana kuvuja kidogo kuliko wanaokaa tumbo tupu.

Kuhusu damu 8 na hawaongezi. Mwaka 2013 madaktari wa Barcelona walitoa matokeo ya wagonjwa 921 waliokuwa wakivuja sehemu ya juu ya njia ya chakula. Waliosubiriwa hadi Hb ishuke chini ya 7 ndipo waongezewe walipona wengi kuliko waliokuwa wakiongezewa ikiwa chini ya 9. Waliokuwa wakimwaga damu kwa kasi ya kutisha hawakuhusishwa, hao huwekewa bila kungoja namba. Kwa hiyo 8 iliyotulia kusubiriwa si ubahili. 8 ambayo jana ilikuwa 11, mapigo yakiwa 120, ni habari nyingine, na hapo ndipo ungetakiwa kukomaa.

Kipimo cha kamera, ile inayopitishwa mdomoni kuangalia tumbo kwa ndani, nacho huwa kinasubiri presha na pumzi vitulie. Kwa vidonda vya aina hii mara nyingi wanakuta michubuko mingi midogo na hakuna mshipa mmoja wa kubana, ndiyo maana wengine wanaendelea na dawa tu.

Kesho muda wa kuona wagonjwa muombe sista wa zamu akuambie vitu vitatu: mapigo ya moyo ya leo ukilinganisha na jana, kinachotoka wakivuta kwa bomba la sindano kwenye mpira wa puani ni cha rangi gani (kama machicha ya kahawa, damu imekutana na tindikali, kama nyekundu mbichi, inatoka sasa hivi), na choo cha mwisho kilikuwa lini na kilikuwaje. Atakujibu. Wengi wetu tunapenda ndugu anayeuliza hivyo kuliko anayekuja na simu anarekodi.

Na nenda na watu watatu wa kuchangia damu hata kama hawajawaomba. Shule zimefungwa, na wanafunzi ndio wachangiaji wakubwa. Wale chakula kabla ya kutoka nyumbani, wasije wakaanguka pale mlangoni tukawa na wagonjwa wanne.