Kwa nini bado nameza dawa za presha

Mwanangu,

Ama baada ya salamu, sisi huku Tanga hatujambo, baba yako anakusalimu. Umeniuliza: ikiwa uvimbe wa kichwani umeshatolewa, mbona mama bado ameza dawa za presha? Ukaongeza kwamba utanitumia vidonge vya mwenzako wa kazini.

Tezi ya pituitari iko chini ya ubongo, haizidi punje ya njegere. Uvimbe wangu ulikuwa kwenye tezi hiyo, ukimwaga homoni ya ACTH, nayo huziamrisha tezi zilizo juu ya figo zitoe homoni nyingine, kotisoli. Kotisoli ikizidi, figo hushikilia chumvi na maji, mishipa ya damu hujikaza, presha hupanda. Ndiyo maana kabla ya upasuaji dawa zote zile za presha hazikufua dafu. Ni ugonjwa wa Cushing, kwa jina la Harvey Cushing, daktari wa Marekani aliyeueleza mwaka 1932. Mwenzangu wa wodini uvimbe wake ulitoa homoni ya ukuaji, viganja na taya vikamkua. Naye presha ilimpanda.

Daktari alipopitia puani akautoa uvimbe wangu, presha ikaanza kushuka. Lakini si kila mtu hurudi kwenye kawaida. Mishipa iliyobeba presha miaka mingi kuta zake hunenepa na kukakamaa, na moyo nao hutanuka. Aliyekaa na ugonjwa muda mrefu ndiye presha humng'ang'ania, na mimi nilikaa nao sana. Hata hivyo nilikuwa nameza dawa za aina kadhaa, leo nameza moja. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Linalonitia hofu zaidi ni presha kuanguka. Baada ya upasuaji, tezi za juu ya figo huwa zimelala, kotisoli inakuwa haba, hivyo mtu humeza haidrokotizoni, dawa ya kuziba pengo la kotisoli, kwa miezi, pengine zaidi ya mwaka. Akiendelea na dozi ileile ya zamani ya presha, akisimama tu macho yanaingia kiza. Na akiiacha haidrokotizoni kwa uamuzi wake, hasa akiwa na homa au anatapika, anaweza kufa. Tafadhali lijue hilo, siku nikizidiwa uwaambie madaktari.

Kwa hiyo napima presha nikiwa nimekaa, kisha nimesimama, naandika daftarini. Nikienda kliniki hospitali ya Bombo, daktari huangalia namba ndipo apunguze dawa. Vidonge vya mwenzako usivitume. Nitumie betri za mashine ya kupimia, zilizomo zinakaribia kwisha.

Mama yako