Mazingira chuoni: angalia fildi kwanza

Mdogo wangu umeuliza kozi ya sayansi ya mazingira usome wapi ili usiishie kukariri slaidi tu, mi nakushauri usianze na jina la chuo, anza na fildi, yaani mafunzo ya vitendo nje ya darasa, tafuta wanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu uwaulize mwaka jana walienda wapi na walishika vifaa gani kwa mikono yao. SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) pale Morogoro wana misitu yao ya mafunzo, Olmotonyi kwenye mteremko wa Meru na Mazumbai kule Usambara, hiyo ni hazina kubwa sana aisee. UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) nao wana taasisi ya sayansi za bahari Zanzibar, kama moyo wako uko kwenye maji.

Halafu fildi ya likizo rudi huku huku Mwanza jamani! Ziwa Victoria lina kama kilomita za mraba 68,800 na matatizo yake yote yako mlangoni kwetu, magugu maji, sangara aliyepandikizwa akaja akapunguza utajiri wa furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa, na mto Mirongo unapita katikati ya jiji unabeba uchafu wetu mpaka ziwani. Omba nafasi TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi) au Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, peleka barua mapema maana wengi wanaomba, na ujifunze kupima oksijeni ya maji na kutumia GPS vizuri, hivyo ndo vitu utaulizwa kwenye intavyuu.