Kabla ya Kumtuhumu Mwamuzi wa Raga, Beba Daftari

Kwa miaka mingi nilitoka uwanjani nikiamini kwamba mwamuzi alikuwa ameionea timu yangu, na ushahidi wangu wote ulikuwa penalti nilizozikumbuka, yaani zile tulizonyimwa. Msimu mmoja nikaanza kubeba daftari lenye safu mbili, moja ya makosa yetu na nyingine ya wapinzani, nikawa naandika kila kosa nililoliona, liwe limepigiwa filimbi au limepita. Kilichonishtua ni wingi wa makosa yetu wenyewe yaliyokuwa yakipita.

Anza na raki, yaani pale wachezaji wa pande zote mbili wanapougombania mpira ulio chini baada ya mtu kukabwa na kuangushwa, kwa sababu ndiko tuhuma nyingi huzaliwa. Ndani ya sekunde chache mkabaji anatakiwa amwachie mwenye mpira na ajiondoe njiani, aliyeangushwa anatakiwa auachie mpira, wanaofika wanatakiwa waingie kutokea nyuma wakiwa wamesimama kwa miguu yao, na wengine wote wabaki nyuma ya mguu wa mwisho. Mwamuzi akiadhibu kila kosa, hakuna mchezo utakaochezwa. Kwa hiyo huadhibu lile analoona limeathiri mpira, na hapo waamuzi wawili hodari wanaweza kutofautiana. Tazama dakika kumi za mwanzo ujue huyu wa leo anakataa nini. Mara nyingi tulipokuwa tukilia kwamba tunaonewa, wapinzani walikuwa wameshamsoma na kujirekebisha.

Pili, usilichanganye kosa na upendeleo. Katika robo fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 2015, Australia iliifunga Scotland 35–34 kwa penalti ya mwishoni iliyotolewa na Craig Joubert, na baadaye World Rugby, shirikisho la raga duniani, ikatamka kwamba uamuzi sahihi ungekuwa skramu, yaani kuanzisha upya mchezo kwa pande mbili kusukumana huku upande mmoja ukiingiza mpira. Lilikuwa kosa zito, na machungu ya Waskoti nayaelewa kabisa. Hata hivyo, skramu hiyo ingekuwa ya Australia, na kanuni za wakati huo hazikumruhusu mwamuzi kuomba msaada wa video kwa tukio la aina ile.

Malalamiko ninayoyaona kuwa na uzito zaidi ni ya kukosa uthabiti. Katika fainali ya Kombe la Dunia ya 2023, Sam Cane wa New Zealand na Siya Kolisi wa Afrika Kusini wote walipewa kadi ya njano kwa kugusana na kichwa cha mpinzani. Baada ya mapitio ya video, ya Cane ikawa nyekundu na ya Kolisi ikabaki njano. Utaratibu hupima kiwango cha hatari na mambo yanayopunguza uzito wa kosa, lakini mtazamaji asipoelezwa papo hapo kilichotofautisha matukio hayo mawili, atajijazia sababu yake mwenyewe. Naamini maelezo hayo ni haki yake.

Ukiamua kulalamika, pitia klabu yako, taja dakika, taja kanuni, ambatanisha video, na usimguse mwamuzi mwenyewe wala familia yake. Tulipofanya hivyo mara moja kuhusu matukio matatu, wasimamizi wa waamuzi walikiri kosa katika moja na kutufafanulia mawili; la pili nililikubali, na la tatu, ambalo nimelirudia kulitazama mara nyingi, bado naona walikosea.