Kwa nini MRI ilhali eko umeshapimwa

Ndugu, umeuliza kwa nini daktari anataka upigwe MRI ya moyo (picha zinazotengenezwa kwa sumaku) ilhali eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) umeshapimwa, nawe ulirekebishiwa tetralojia ya Fallot, kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo, utotoni. Baada ya upasuaji huo, vali ya mshipa uendao mapafuni mara nyingi huvuja kwa miaka mingi bila dalili, na chumba cha chini cha kulia, ambacho kwa umbo lake eko hukipima kwa shida, hutanuka polepole. MRI hupima ujazo wake pamoja na kiasi cha damu kinachorudi nyuma, tena bila mionzi ya eksirei. Ujazo ukifikia mililita 160 kwa kila mita mraba ya eneo la mwili, hata usiposikia lolote, kubadilisha vali hujadiliwa. Nakusihi usiahirishe. Waya za kifuani, zilizofunga mfupa wa kifua baada ya upasuaji, kwa kawaida hazizuii kipimo. Kifaa cha kuendesha mapigo au ugonjwa wa figo, vitaje mapema.