Kabla hujatoa dola zako kwa kitabu cha labo, tafuta kwanza mwaka wake

Ile karatasi niliikuta ukutani, juu ya inkubeta, siku niliyoanza kazi. Fotokopi ya fotokopi, pembe zimegeuka manjano, plasta inayoishikilia imeshabadilishwa mara nyingi. Upande mmoja majina ya antibiotiki, upande wa pili milimita: kuanzia hapa andika S, dawa inamweza mdudu, kuanzia pale kushuka andika R, mdudu ameishinda dawa. Wote tulisoma majibu yetu pale. Mzee wetu wa labo, yule aliyenifundisha kushika lamu, kioo cha hadubini, nisiikwaruze, naye alisoma palepale.

Siku moja stajieri wetu, mwanafunzi wa mazoezi, alikuwa na antibiogramu, kipimo cha kuona dawa ipi inamweza mdudu, ya mkojo wa mama mmoja kutoka mtaa wa Kadutu. Bakteria: E. coli. Akaweka rula juu ya sahani, akapima duara lisilo na wadudu kuzunguka diski, kikaratasi chenye dawa, ya siprofloksasini: milimita 21 kamili. Akainua macho ukutani, akaandika S. Halafu akanigeukia:

"Yaya, hii karatasi ni ya mwaka gani?"

Nilikosa jibu. Aliyeibandika alikuwa amekata ukingo wa chini ili ienee kati ya dirisha na inkubeta, na mwaka ukaenda na ule ukingo.

Usiku nikakaa na simu, nikatafuta mpaka chaji ikaisha. Namba zetu zilitoka kwenye jedwali la zamani la CLSI, taasisi ya Marekani inayotoa jedwali jipya kila mwaka. Zamani, kwa E. coli na jamaa zake, siprofloksasini ilihesabiwa S kuanzia milimita 21. Mwaka 2019 wakabadilisha: S inaanzia 26, na 21 kushuka chini ni R. Sahani ni ileile, duara ni lilelile, rula ni ileile. Kwa karatasi ya ukutani mama anaandikiwa dawa. Kwa jedwali jipya, dawa hiyo imeshindwa tayari. Asubuhi nilimngoja docta mlangoni kabla ya ronde, nikamweleza. Mama alikuwa bado wodini na dawa ikabadilishwa. Waliopita kabla yake sikuwa na namna ya kuwafuata, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu wenzangu wa labo hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na wengine walioko Uvira na Goma, huniuliza swali moja kila mara: yaya, kuna kitabu gani kipya, ninunue kipi? Mimi huwarudishia swali: unakitaka kwa kazi gani? Ndani ya kitabu kimoja cha rejea kuna kurasa zinazozeeka kwa mwaka mmoja, na kuna kurasa ambazo watoto wetu watazisoma zikiwa bado kweli. Usipojua kuzitenganisha utatupa kitabu kizuri kwa sababu jalada limechakaa, au utamwamini mgeni kwa sababu ananukia wino.

Tuanze na kurasa zisizozeeka. Kuna kipindi Giemsa yetu, rangi ya kupaka lamu za malaria, ilikuwa inatoka vibaya. Lamu nzima ina rangi ya waridi iliyopauka, kimelea cha malaria unakihisi kuliko kukiona. Tukasema dawa imeharibika. Tukafungua chupa nyingine, mambo yakawa yaleyale. Katika kabati la nyuma kulikuwa na kitabu cha zamani cha Kifaransa, kimepoteza jalada, kimeliwa na panya upande mmoja. Nilikifungua kwa kukata tamaa tu. Ukurasa wa Giemsa ulisema: maji ya kuchanganyia yawe na pH 7.2. Tukatia karatasi ya pH kwenye maji tuliyokuwa tukitumia, ikasoma chini ya 6.5. Maji yenye asidi huvuta rangi nzima kuelekea wekundu, na bluu ya kimelea haishiki. Tukatengeneza bafa ya fosfeti, maji yanayoshikilia pH, tukapaka lamu mbili za mtoto mmoja. Nakumbuka nilivyoinama kwenye hadubini: pete nyembamba ya bluu, na nukta nyekundu imekaa juu yake kama jiwe la pete. Falciparum, kimelea cha malaria. Tangu hapo kitabu kile nimekifunika kwa kadibodi na kukiandika jina kwa kalamu nene.

Umbo la kimelea, yai la minyoo, pH ya Giemsa, fomalini asilimia 10 yenye bafa na wingi wake uwe angalau mara 10 ya kipande cha nyama: mambo haya hayabadiliki kila Januari. Kwa hayo kitabu cha mtumba kinatosha, mradi picha zake zina rangi. Ninasisitiza rangi. Atlasi ya damu ikipigwa fotokopi nyeusi na nyeupe, eosinofili na netrofili, aina mbili za seli nyeupe, zinakuwa mapacha, na wewe umelipa pesa kununua ujivujivu.

Kurasa zinazozeeka upesi zaidi ni za antibiotiki, kama nilivyosimulia. Na si namba peke yake. Katika mfumo wa Ulaya, EUCAST, herufi I imebadilika maana tangu 2019. Wengi tulifundishwa kwamba I ni "katikati", na docta akiiona anaipita dawa hiyo. Sasa I inasema dawa itafanya kazi mgonjwa akipata kiwango kikubwa zaidi, au pale ambapo dawa hujikusanya kwa wingi. Kwa hiyo unaponunua jedwali jipya, usiliweke kwenye droo kimya kimya. Nenda kakae na madaktari wanaosoma majibu yako, uwaeleze I ya leo ni ipi, la sivyo labo itasema lugha moja na wodi itasikia nyingine.

Na chagueni mfumo mmoja. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunafuata zaidi jedwali la Ufaransa linalokwenda pamoja na EUCAST, lakini diski zinazotufikia sokoni zinaweza kuwa za mfumo mwingine. Diski ya sefotaksimu ya EUCAST ina mikrogramu 5. Ya CLSI ina 30. Ukitumia diski ya 30 ukasoma kwenye jedwali la 5, duara litakuwa kubwa na utamhesabia mdudu udhaifu asio nao. Soma herufi na namba iliyoandikwa juu ya diski yenyewe kabla hujafungua jedwali. Habari njema ni kwamba jedwali la EUCAST ni la bure kwenye mtandao, na hutoka upya kila mwanzo wa mwaka. Hapo hakuna sababu ya kununua kitabu.

Kwa upande wa patholojia, kazi ya kuchunguza vipande vya mwili, nina jambo ambalo tulilipa ada ili kulijifunza. Vitabu vya OMS, Shirika la Afya Duniani, vya uainishaji wa uvimbe, vile vya jalada la bluu, hutayarishwa na IARC, taasisi yake ya utafiti wa kansa iliyoko Lyon, Ufaransa. Toleo la tano lilianza kutoka 2019 na kitabu cha njia ya chakula. Cha matiti kikafuata mwaka huohuo, cha viungo vya uzazi vya wanawake 2020, cha mfumo wa neva 2021. Ni vitabu vya bei. Tulichanga kwa likelemba watu sita, pamoja na daktari wetu wa patholojia, tukaagiza kupitia ndugu anayesafiri. Na tukaagiza cha mfumo wa neva, kwa sababu wakati huo ndicho kilichokuwa kipya kabisa.

Kilipofika tulikipokea kama mtoto mchanga. Kisha tukakaa nacho. Majina mengi ya uvimbe wa ubongo katika toleo hilo yanategemea jeni: ili useme glioblastoma kwa mtu mzima lazima ujue kwamba jeni ya IDH haijabadilika. Sisi tulikuwa na parafini, rangi za hematoksilini na eosini, na umeme wa saa chache. Na ubongo wenyewe? Mwaka ule tulipokea vipande vyake visivyozidi vidole vya mkono mmoja. Titi na mlango wa kizazi vilikuwa vinaingia kila wiki, na kwa sampuli hizo tuliendelea kutumia majina ya kitabu cha zamani.

Kile cha uzazi wa wanawake, tulichokuja kukipata baadaye, kilibadilisha kazi yetu kuanzia wiki ya kwanza. Kansa ya mlango wa kizazi sasa inagawanywa kwa kuangalia kama inatokana na kirusi cha HPV au haitokani nacho. Labo yenye immunohistokemia, upakaji wa kingamwili juu ya kipande, hutumia kipimo cha p16 kusaidia kutambua. Lakini kitabu kinamkumbuka pia asiyekuwa na p16: kinamruhusu aandike kansa ya seli bapa na kuongeza NOS, yaani aina yake haikuainishwa zaidi. Herufi tatu hizo zimempa daktari wetu njia ya kusema ukweli kwenye ripoti bila kubahatisha, na zinamwambia atakayempokea mgonjwa kule mbele kwamba kipimo hicho bado kinadaiwa.

Ndiyo maana leo, kabla ya kumwambia mtu jina la kitabu, namwambia anunue daftari. Daftari la shule, la kurasa 48. Likae karibu na hadubini. Kila mara swali linapokushinda, au unapolazimika kumpigia mtu simu, andika tarehe, aina ya sampuli na swali lenyewe kwa mstari mmoja. "Kioo cha damu, mtoto miaka 6, seli kubwa zenye nyukleoli, ni blasti (seli changa) au limfosaiti iliyoamka?" "Choo, yai lina kifuniko, la nini?" Fanya hivyo miezi mitatu, kisha hesabu. Rundo kubwa ndilo litakalokuambia kitabu. Sisi tungefanya hivi kabla ya likelemba ile, ubongo usingepata hata kura moja.

Kuna maswali ambayo hakuna kitabu kitakachoyajibu kwa wakati, na sisi wa Kivu ya Kusini tunalijua hilo kuliko wengi. Kamituga, mji wa dhahabu wa jimbo letu, ndipo lilipotambuliwa tawi jipya la virusi vya mpox katika mlipuko ulioanza 2023, tawi lililopewa jina Ib, ndani ya tawi la I. Virusi hivyo vilikuwa vimepoteza kipande cha jeni, na kipande hicho ndicho kilichokuwa kikiwindwa na kipimo cha PCR kilichozoeleka kutambua tawi la I. Kipimo cha jumla cha mpox kilikiona kirusi. Kile cha tawi la I kikanyamaza. Mtu aliyeshika kitabu kizuri cha 2022 na kukifuata neno kwa neno angeweza kuandika kwamba tawi la I halipo. Tarehe 14 Agosti 2024 OMS ikatangaza dharura ya afya ya kimataifa. Mambo ya namna hiyo hupatikana kwenye makala za majarida na miongozo ya muda, na hapo mlango upo: Hinari, mpango wa OMS ulioanza 2002, unafungulia taasisi za nchi kama yetu maelfu ya majarida na vitabu bila malipo. Anayejiandikisha ni taasisi. Muulize mhifadhi wa maktaba ya chuo au hospitali yako neno la siri. Mara nyingi lipo, halijaombwa tu.

OMS yenyewe pia inaweka vitabu vyake vingi wazi. Mwongozo wa usalama wa kibiolojia labo, toleo la 4 la 2020, ambalo linakutaka upime hatari ya kazi unayoifanya badala ya kutegemea ngazi za namba peke yake. Mwongozo wa kuchunguza shahawa, toleo la 6 la 2021. Picha za vimelea vya tumbo, toleo la pili la 2019. Mwongozo wa hadubini ya malaria wa 2010, ambao bado tunautumia: hesabu vimelea dhidi ya seli nyeupe 200, zidisha kwa 8000, gawanya kwa idadi ya seli nyeupe ulizohesabu, uache kuandika misalaba (+, ++). Pakua kwenye tovuti yao, usingoje mtu akutumie kwenye WhatsApp. Faili nyingi zinazozunguka huko zimekatwa kurasa za mwanzo, na ukurasa wa mwanzo ndio wenye mwaka. Mimi sipokei tena faili wala fotokopi isiyo na ukurasa huo, hata ikitoka kwa mtu ninayemheshimu.

Na kitu kinapobandikwa ukutani kwetu sasa, kinaandikwa kwa kalamu nyekundu mambo mawili: ni cha mwaka gani, na kitatolewa lini. Yule stajieri ameshaajiriwa, na kazi ya kukitoa ni yake.

Daftari letu la sasa limefika swali la 31. Maswali 14 ni ya damu, mengi ya watoto, mengi ni yaleyale ya blasti. Kwa hiyo kitabu kinachofuata ni cha damu, chenye picha kubwa za rangi. Likelemba imeshaanza, na safari hii tuko watu tisa.