Kabla Hujaongeza Asidi Kwenye Betri, Pima Kwanza

Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja kutoka Kibosho, kijana wa bodaboda amembebea betri ya sola ndani ya kiroba. Nikampa shikamoo, akaketi kwenye benchi, akasema, "Mwanangu, niongezee asidi. Taa zinazimika saa mbili usiku."

Nikafungua vizibo vyote sita, kila kimoja na chumba chake. Maji ya ndani yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, na vumbi la kahawia likielea juu. Nikavuta kidogo kwa kipimo, kile cha kioo chenye mpira wa kubonyeza kinachoonyesha maji ya betri ni mazito mara ngapi ya maji safi, na kielea chake kikapanda mpaka 1.340. Chumba cha pili, vivyo hivyo. Cha tatu, zaidi.

"Mzee, humu mmeshaongeza asidi?"

"Mara mbili. Kijana wa dukani aliniambia betri ikichoka ujue asidi imekwisha."

Betri ya mzee ilikuwa imezidiwa na asidi, na hiyo asidi ndiyo iliyokuwa inaila. Ninatengeneza betri hapa Pasua, Moshi, mwaka wa 14 sasa, na kosa hili nakutana nalo karibu kila wiki. Linaniuma kwa sababu wanaoumia ni watu ambao betri moja kwao ni fedha ya ndizi za miezi kadhaa.

Kilichomo ndani ya betri hizi za kufunguliwa ni asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Ikiwa imejaa chaji, asidi ni kama theluthi moja ya uzito wa mchanganyiko, na unaobaki ni maji. Asidi ikishaingia kwenye maji humeguka kuwa chembe ndogo zenye umeme, nyingine chanya na nyingine hasi. Wanakemia huziita ioni, na ndizo zinazosafirisha umeme kati ya zile sahani za risasi zilizopangwa ndani ya betri. Maji safi kabisa peke yake hayapitishi umeme wa maana. Aliyeeleza jambo hili, Svante Arrhenius wa Sweden, aliliandika kwenye tasnifu yake ya mwaka 1884, walimu wake wakampa alama ya chini. Mwaka 1903 akapewa Tuzo ya Nobel kwa wazo hilohilo.

Sasa fikiria mtori uliousahau jikoni. Umechemka, umekauka, ukiuonja chumvi imekolea. Hakuna mama wa Kichaga atakayeongeza chumvi hapo. Ataongeza maji, kwa sababu kilichopotea ni maji na chumvi yote bado imo sufuriani. Betri nayo ni hivyo. Inapochajiwa kupita kiasi, umeme unayavunja maji yanakuwa hewa mbili, haidrojeni na oksijeni, zinatokea kwenye vitundu vya vizibo na kwenda zake. Joto la Moshi la Januari na Februari linazidisha upotevu. Asidi haivukizwi hivyo. Inabaki, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo inavyozidi kuwa kali.

Lakini kuna jambo moja ambalo mtori hauwezi kulieleza, na ndilo linalowachanganya watu. Betri ikitumika, sehemu ya asidi, ile salfeti, inahama kutoka kwenye maji na kushikamana na sahani za risasi. Hapo ukipima utaona maji yamekuwa mepesi: kutoka 1.270 hivi ikiwa imejaa, mpaka karibu 1.120 ikiwa imekwisha kabisa. Mtu akiona namba hiyo anasema asidi hakuna. Asidi ipo, imekaa kwenye sahani, na kuchaji ndiko kunakoirudisha majini. Ukiongeza asidi mpya wakati huo, siku betri itakapochajiwa zote mbili zitakutana, na utapata 1.340 ya yule mzee. Ukali wa namna hiyo unatafuna sahani, na lile vumbi la kahawia nililoliona lilikuwa sahani zenyewe zikimomonyoka.

Kwa hiyo chaji kwanza, ndipo upime. Baada ya hapo jazia maji ya betri mpaka sahani zifunikwe na maji yazidi kama sentimita moja juu yake, au mpaka alama ya juu iliyoandikwa ubavuni. Kama umezikuta sahani ziko wazi, weka maji kidogo ya kuzifunika kabla ya kuchaji, kisha umalizie baadaye, maana wakati wa kuchaji maji hupanda. Asidi huongezwa pale tu betri ilipopinduka ikamwagika, na hapo nenda kwa fundi akuwekee iliyokwisha kupunguzwa makali.

Maji ya betri ni maji yaliyokenekwa, yaani yamechemshwa, mvuke ukanaswa na kupozwa, madini yakaachwa nyuma. Mama mmoja wa Usa River aliniambia yeye hutumia ya bomba lakini huyachemsha kwanza. Nilimwomba aangalie birika lake ndani. Ule ukoko mweupe ni madini ambayo moto haukuyatoa. Uliondoa maji tu, madini yakakolea. Na huko kwao, chini ya Mlima Meru, maji yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba mengi, ikiwemo floraidi inayotia meno rangi ya kahawia. Kwenye betri, kinachoniogopesha zaidi ni chuma na kloraidi. Chuma kinafanya betri ijimalizie umeme hata ikiwa imekaa tu, na kloraidi inaila sahani ya chanya. Maji ya mvua yaliyopita kwenye bati nayo siyataki.

Nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi, kwenye gereji moja ambayo sitaitaja, nilitumwa kupunguza makali ya asidi nzito. Nilikuwa na asidi kwenye ndoo, nikamimina maji juu yake. Maji ni mepesi kuliko asidi ile, yakakaa juu, na joto lililotoka pale likayachemsha papo hapo. Yakaruka. Nina alama tatu kwenye mkono wa kushoto, na suruali niliyovaa ilitoboka kama chujio kabla ya jioni. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kidogo kidogo, huku ukikoroga. Usigeuze utaratibu huo hata siku moja, na vaa miwani.

Ikimwagika sakafuni, nyunyizia magadi, haya haya ya Mbuyuni tunayolainishia maharage. Magadi ni besi, yaani kinyume cha asidi. Yakikutana na asidi yanatoa povu la hewa ya kaboni dayoksaidi, na povu likikoma baada ya kuongeza kidogo tena, asidi imekwisha nguvu. Maji ya magadi yanasafisha pia ule unga unaoota kwenye vichwa vya betri, ila funga vizibo vizuri, maana tone likiingia ndani linaua asidi unayoihitaji. Kwenye ngozi au jicho usiweke magadi. Ni maji mengi yanayotiririka, dakika 20 au zaidi, kisha hospitali.

Na tafadhali, asidi isikae kwenye chupa ya maji ya kunywa. Nyumba ina watoto.

Betri ya mzee niliipunguza makali, nikaichaji siku mbili taratibu. Vyumba vitano vilirudi kwenye 1.265. Cha tatu hakikushika chaji, na chumba kimoja kikifa, betri ya volti 12 inabaki na 10 na kitu. Ikabidi anunue nyingine. Nilimpa kidumu cha maji ya betri, nikaandika juu yake kwa wino mwekundu: HIKI TU. Juzi kanipigia simu kuniambia taa zinafika saa tano.